Mteja akinyimwa kura, duka nalo hulipa

Msemo kwamba mteja ni mfalme umebandikwa katika maduka mengi, lakini historia ya biashara inaonyesha kuwa ufalme huo mara nyingi uliishia mlangoni. Ndani ya duka mteja alikaribishwa, akapimiwa kitambaa na kupewa risiti. Siku ya uchaguzi mtu huyo huyo aliambiwa kuwa jina lake halimo katika daftari la wapiga kura.

Wafanyabiashara wengi huona kuwa jambo la kura ni la wanasiasa, na kwamba kazi ya duka ni kununua na kuuza tu. Fikra hiyo imewahi kuwatia watu hasara kubwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mji mdogo wa Tuskegee, katika jimbo la Alabama nchini Marekani. Mwaka 1957 wakubwa wa siasa wa huko waliwaondolea wateja haki ya kupiga kura mjini, na gharama ya kwanza ikawaangukia wenye maduka.

Somo la Tuskegee linawahusu wafanyabiashara na wawekezaji wadogo popote walipo. Haki ya mteja ya kupiga kura ni sehemu ya mtaji wa muuza duka, hata kama haiandikwi katika vitabu vya hesabu.

KURA ILIPOKUWA NA BEI

Marekani ilipojipatia uhuru katika karne ya 18, majimbo mengi yalimruhusu kupiga kura yule tu aliyekuwa na ardhi au mali ya kiasi fulani. Hoja iliyotolewa ni kwamba asiye na mali hana cha kupoteza, hivyo hawezi kuaminiwa na mambo ya nchi. Kufikia miaka ya 1850 sharti hilo lilikuwa limeondolewa karibu kila mahali, lakini kwa wanaume wa Kizungu.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na kukomeshwa kwa utumwa, Marekebisho ya 15 ya Katiba ya mwaka 1870 yalikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Majimbo ya Kusini hayakuchelewa kutafuta mwanya. Kwa kuwa rangi haikuweza kutajwa katika sheria, mfuko na kalamu vilitumika badala yake.

Mississippi ilianza mwaka 1890 kwa kodi ya kura na mtihani wa kusoma na kueleza katiba. Alabama ikafuata mwaka 1901. Katiba yake mpya ilimtaka anayejiandikisha ajue kusoma na kuandika, au awe na ekari 40 za ardhi, ama mali ya dola 300. Juu ya hayo kulikuwa na kodi ya dola 1.50 kwa mwaka. Asiyelipa hakusamehewa. Deni liliendelea kulimbikizwa hadi kufikia dola 36, na kwa mkulima wa pamba aliyegawana mavuno na mwenye shamba, fedha hizo zilikuwa nyingi mno.

Wazee wa Afrika Mashariki wanaikumbuka kodi ya kichwa ya wakoloni. Hiyo ilitozwa kwa wanaume wazima watake wasitake. Kodi ya Alabama ilikuwa na ujanja zaidi, kwani ilimwachia mtu nafasi ya kutolipa, na akiitumia nafasi hiyo anakuwa ameiacha kura yake mwenyewe.

Matokeo yake yanaonekana katika takwimu za jimbo la Louisiana, lililotumia mbinu za aina hiyo hiyo. Mwaka 1896 wapiga kura weusi walioandikishwa huko walikuwa 130,334. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Wanawake walipopata haki ya kura nchini kote mwaka 1920, wanawake weusi wa Kusini walikutana na vizuizi hivyo hivyo.

MADUKA YALIFUNGUA MILANGO

Katika miaka hiyo hiyo, upande wa biashara mambo yalikwenda kinyume kabisa. Wakati vituo vya kupigia kura vikipunguza watu, maduka yalikuwa yakiwatafuta kwa udi na uvumba.

Kampuni ya Sears, Roebuck ilituma katalogi zake hadi vijijini, ikiuza kwa njia ya posta kila kitu kuanzia sindano hadi jembe. Mkulima mweusi wa Kusini aliweza kuagiza bidhaa kwa bei ile ile aliyoagizia Mzungu, bila kusimamishwa nyuma ya foleni katika duka la kijijini. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, ambamo mteja alijichukulia bidhaa mwenyewe rafuni badala ya kumsubiri muuzaji nyuma ya kaunta. Gari la Ford la aina ya Model T, lililouzwa dola 850 lilipotoka mwaka 1908, lilishuka chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Ununuzi kwa malipo ya awamu ukaenea, na matangazo yakawafundisha watu kutaka vitu ambavyo wazazi wao hawakuvijua.

Hivyo ndivyo ulivyojengeka utamaduni wa walaji. Ahadi yake ilikuwa rahisi: dola haina rangi, na mwenye nayo ana haki ya kuchagua. Aliyekuwa akichagua sabuni na viatu kila wiki alikuwa akizoea kuchagua. Ilikuwa vigumu kutegemea kwamba hatauliza siku moja kwa nini hawezi kumchagua diwani.

TUSKEGEE, 1957

Tuskegee haukuwa mji wa kawaida. Chuo cha Tuskegee kilichoanzishwa mwaka 1881 chini ya Booker T. Washington kilikuwa hapo. Mwaka 1923 ilifunguliwa hospitali ya serikali kuu kwa ajili ya askari wastaafu weusi. Kwa hiyo wakazi weusi, ambao walikuwa wengi kuliko Wazungu, walikuwa na walimu, wauguzi, madaktari na makarani wanaopokea mishahara kila mwezi. Mishahara hiyo ndiyo iliyoendesha maduka ya katikati ya mji, na karibu maduka hayo yote yalimilikiwa na Wazungu.

Watu hao walikuwa wamesoma, hivyo mtihani wa kusoma haukuwababaisha. Walikuwa na kipato, hivyo kodi ya kura waliimudu. Chama cha raia wa mji huo, kikiongozwa na Charles Gomillion, mwalimu wa elimu ya jamii chuoni hapo, kiliwahimiza kwa miaka mingi kujiandikisha. Idadi yao ilipofikia kama 400, wakubwa wa siasa waliona hatari.

Dawa waliyoipata ilikuwa ya ajabu. Bunge la Alabama lilipitisha sheria ya kuchora upya mipaka ya mji. Mji uliokuwa na umbo la mraba ukawa na umbo lenye pande 28. Mstari ulipita katikati ya mitaa, ukaacha nje ya mji karibu wapiga kura wote weusi, isipokuwa wanne au watano. Hakuna mpiga kura hata mmoja wa Kizungu aliyetolewa.

Nyumba na maduka yalibaki palepale. Kilichobadilika ni kwamba mwalimu aliyelala Tuskegee siku zote aliamka akiwa mkazi wa nje ya Tuskegee, asiye na kauli kuhusu mji anaonunua chakula chake.

Mwishoni mwa Juni 1957 maelfu ya watu walikusanyika kanisani. Hawakurusha jiwe wala kuvunja kioo. Waliamua kununua kwa marafiki zao tu. Neno kususia liliepukwa kwa makusudi, maana sheria ya Alabama ilikataza ususiaji. Lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu kununua sukari katika duka asilolipenda.

Kuanzia wiki hiyo wateja weusi waliadimika katika maduka ya katikati ya mji. Walinunua kwa wachuuzi wenzao, au walikwenda kwa magari hadi Opelika, Auburn na Montgomery. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, John Patterson, alipeleka maofisa kupekua ofisi za chama hicho na kwenda mahakamani kutaka mgomo uzuiwe. Mwaka 1958 mahakama ya Alabama ilikataa. Wakati huo baadhi ya maduka yalikuwa yamekwisha kufungwa kabisa.

Jambo la kuzingatiwa na kila mfanyabiashara ni hili: waliochora mipaka ile walikuwa wanasiasa. Wenye maduka hawakuichora. Lakini walipoona wateja wao wakitolewa nje ya mji, wengi walikaa kimya. Kimya hicho kiliingia katika vitabu vyao vya hesabu kama upungufu wa mauzo.

UPANGA UNAOKATA KUWILI

Ingekuwa kosa kudhani kuwa fedha ya mnunuzi hushinda siku zote. Katika wilaya za Fayette na Haywood, jimbo la Tennessee, mambo yalikwenda kinyume.

Huko wengi wa wakazi weusi walikuwa wakulima wa kugawana mavuno. Walipoanza kujiandikisha kupiga kura kuelekea uchaguzi wa mwaka 1960, wafanyabiashara ndio waliowagomea. Orodha za majina zilipita kutoka duka hadi duka. Aliyejiandikisha alinyimwa unga, mafuta na mkopo wa mbegu. Wenye mashamba wakawafukuza, na familia nyingi zikaishi katika mahema wakati wa baridi. John McFerren, mmoja wa viongozi wao, alifungua duka la vyakula ili watu wapate mahitaji, naye akakuta wauzaji wa jumla hawataki kumpelekea mali. Ilimbidi aifuate mwenyewe mjini Memphis.

Tofauti ya Tuskegee na Fayette haikuwa ya ushujaa. Ilikuwa ya nani anamtegemea nani. Mwalimu wa Tuskegee alilipwa na chuo, na muuguzi alilipwa na serikali kuu. Hakuna mwenye duka aliyeweza kukata mishahara yao. Mkulima wa Fayette alikopa mbegu, alikula kwa mkopo na alilala katika nyumba ya mtu mwingine. Alikuwa mteja kwa jina tu.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kila shilingi ni kura wanasema nusu ya kweli. Kura ya kituoni humpa kila mtu karatasi moja. Kura ya shilingi humpa mwenye nyingi karatasi nyingi na asiye nayo humwacha mikono mitupu. Aidha, inafanya kazi pale tu ambapo mnunuzi ana duka jingine la kwenda.

KAUNTA MBILI KATIKA DUKA MOJA

Februari 1, 1960, wanafunzi wanne weusi waliingia katika duka la Woolworth mjini Greensboro, North Carolina. Walinunua vitu vidogo katika kaunta moja na kupewa risiti. Kisha wakaketi kwenye kaunta ya chakula na kuagiza kahawa. Walikataliwa. Duka lililopokea fedha zao dakika chache kabla lilisema haliwezi kuwahudumia.

Kwa jicho la biashara, hakuna utetezi wa hesabu za namna hiyo. Duka lilikodi nafasi, likaajiri wahudumu, likapika chakula, halafu likamfukuza mtu mwenye fedha mkononi. Julai 25 mwaka huo huo kaunta ile ilifunguliwa kwa watu wote, baada ya miezi ya migomo na mauzo kuanguka. Katika mji wa Birmingham mwaka 1963, wanunuzi weusi waliacha kununua nguo za Pasaka, msimu ambao wauza nguo huutegemea sana. Viongozi wa biashara walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutaka mapatano, wakati wanasiasa wa mji walikuwa bado wakitumia mbwa na maji ya zimamoto. Makubaliano yalitangazwa Mei 10.

Yapo mengine ya kushangaza katika miaka hiyo. Machi 15, 1962, Rais John F. Kennedy alilipelekea Bunge ujumbe uliotaja haki nne za mlaji: usalama, taarifa, kuchagua na kusikilizwa. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kama Siku ya Haki za Walaji Duniani. Siku ujumbe huo ulipotolewa, mamilioni ya walaji wa Kusini walikuwa na haki ya kusikilizwa kuhusu dawa ya meno, lakini hawakuwa na haki ya kusikilizwa kuhusu serikali.

SHERIA NDIYO ILIYOMALIZA

Mgomo wa Tuskegee uliumiza mifuko na kufungua masikio, lakini haukuifuta mipaka ile. Kilichoifuta ni mahakama. Novemba 14, 1960, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba sheria ya aina hiyo, ikithibitika kuwa ilikusudiwa kuwatoa wapiga kura kwa sababu ya rangi yao, inavunja Katiba. Mwaka 1961 mipaka ya zamani ilirudishwa.

Hatua nyingine zikafuata. Marekebisho ya 24 ya Katiba ya mwaka 1964 yalifuta kodi ya kura katika uchaguzi wa taifa. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilitiwa saini Agosti 6, 1965. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu iliondoa kodi ya kura katika chaguzi za majimbo pia, katika shauri lililohusu dola 1.50 ya jimbo la Virginia. Katika Mississippi, wapiga kura weusi walioandikishwa walipanda kutoka asilimia 6.7 kabla ya sheria hiyo hadi karibu asilimia 60 mwaka 1967. Wilaya ya Macon, ambamo Tuskegee umo, ilimchagua Lucius Amerson kuwa mkuu wa polisi wa wilaya mwaka 1966.

Hata hivyo haki iliyoandikwa inaweza kupunguzwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliondoa nguvu ya sehemu muhimu ya sheria ya 1965. Jimbo la Georgia lilipobadilisha taratibu za uchaguzi mwaka 2021, kampuni kubwa za Atlanta, ikiwemo Coca-Cola, zilishinikizwa na wateja zitamke msimamo, na mchezo mkubwa wa besiboli wa mwaka ukahamishiwa Denver. Kwa mara nyingine, sheria ilitungwa bungeni na swali likaulizwa dukani.

KIPIMO CHA MFUKO AFRIKA MASHARIKI

Kupima raia kwa mfuko hakukuwa kwa Wamarekani peke yao. Waingereza walikileta kipimo hicho Afrika Mashariki katika miaka hiyo hiyo ya mgomo wa Tuskegee. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, Mwafrika alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotambuliwa. Nchini Kenya mwaka 1957, mpiga kura wa Kiafrika aliweza kupewa hadi kura tatu kulingana na elimu, kipato na mali yake.

Uganda ilionja upande mchungu wa mgomo. Mwaka 1959 Uganda National Movement, ikiongozwa na Augustine Kamya, ilitangaza kususia maduka ya wasio Waafrika katika Buganda, wakati kukiwa na mvutano kuhusu uwakilishi wa jamii hizo katika Baraza la Kutunga Sheria. Vitisho na fujo vikaingia, serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku chama hicho, na wenye maduka madogo vijijini ambao hawakuwa na kauli yoyote katika Baraza ndio walioumia zaidi. Tuskegee ilishinda mahakamani kwa sababu mgomo wake ulikuwa wa hiari na wa amani. Mgomo unaolindwa kwa fimbo huacha kuwa chaguo la mnunuzi.

HESABU YA MFANYABIASHARA

Wapo watakaosema kuwa duka likijiingiza katika siasa litapoteza nusu ya wateja. Hofu hiyo ina msingi. Muuza duka hana sababu ya kubandika picha ya mgombea juu ya mizani. Lakini kuna tofauti kati ya kumpigia debe mgombea na kutetea haki ya kila mteja kuandikwa katika daftari. La kwanza linagawa wateja. La pili linawalinda wote, pamoja na mwenye duka mwenyewe.

Mwekezaji mdogo naye ana la kujifunza. Katika kampuni, kura huhesabiwa kwa hisa. Mwenye hisa 100 ana sauti ndogo mbele ya mwenye milioni moja, na hilo analijua anaponunua. Kinachomlinda ni sheria inayomhakikishia taarifa, mkutano wa mwaka na mahakama ya kukimbilia. Sheria hiyo hutungwa na watu waliochaguliwa kwa utaratibu wa mtu mmoja kura moja. Kura ya hisa inasimama juu ya kura ya raia, na hiyo ya chini ikitikisika, ya juu haiwezi kubaki salama.

Anayepima biashara kabla ya kuweka fedha zake huangalia mauzo, madeni na eneo. Afadhali aongeze swali moja: wateja wa biashara hii wana sauti gani mahali wanapoishi? Mahali ambapo wana fedha lakini hawana kura, mauzo ya leo yanaweza kuondoka kwa wiki moja, kama Tuskegee. Mahali ambapo hawana kura wala kipato cha kujitegemea, mauzo hayo ni deni lisilolipika, kama Fayette.

Wenye maduka wa Tuskegee walikuwa na mali rafuni, eneo zuri na wateja wenye mishahara. Mchoro mmoja wa ramani, waliouacha upite bila kuuhoji, ulitosha kuwahamishia wateja hao Opelika.